Waifai Inayoshika kwa Fundi Ikagoma Nyumbani

Kwa siku 11 ofisi yangu ilikuwa koridoni, juu ya mkeka, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta uliobeba ruta. Nikisogea hatua tatu kuelekea sebuleni waifai inabaki kijiti kimoja. Nikifika kwenye meza yangu inapotea kabisa. Mwanangu alikuwa akiniruka kwenda chooni, na mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kutoka Muheza, aliniuliza kwa upole kama nimekosana na mume wangu.

Laptopu ilikuwa imetoka kwa fundi. Bawaba ya kushoto ilivunjika, ukifungua kifuniko plastiki inaachama mpaka unaona nyaya za ndani, na kioo nacho kilishaanza kuweka mistari. Fundi akabadilisha kioo, bawaba akaijengea upya kwa gundi na vipande vya shaba, na kusema kweli kazi ile ilikuwa safi. Kabla sijatoa hela akaiwasha mbele yangu, akaiunganisha na hotspoti ya simu yake, akafungua video. Ikacheza bila kukwama. "Umeona dada? Mashine mpya hii." Nikalipa, nikapanda daladala roho kwatu.

Nilipompigia kesho yake akanijibu lile ambalo nadhani kila mwenye laptopu mjini amewahi kuambiwa: "Hiyo draiva tu, dada. Ilete tupige Windows."

Ugomvi wangu uko hapo. Draiva ni kijiprogramu kinachoiwezesha Windows kutumia kifaa kama waifai au spika, na kupiga Windows ni kufuta kila kitu na kuiweka upya. Kupiga Windows kumegeuzwa mwarobaini. Spika haitoi sauti, piga Windows. Betri inakaa dakika 20, piga Windows. Mtu anarudi nyumbani na kompyuta tupu, picha za harusi zimekwenda na maji, ripoti ya kazini imekwenda, na waifai bado inachechemea vilevile. Laptopu yangu iliingia pale dukani waifai ikiwa nzima, na Windows hiyohiyo, na draiva hiyohiyo. Kilichoongezeka ni bisibisi. Sasa kwa nini tuanze kuchunguza kitu ambacho bisibisi haiwezi kukigusa?

Simaanishi draiva husingiziwa siku zote. Kama fundi amebadilisha diski na kuweka Windows upya, na alama ya waifai haionekani hata kivuli chake, hapo draiva ndiyo ya kushikwa shati kwanza. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa ile sehemu ya kugawa intaneti, laptopu ipate mtandao kupitia waya, ishushe draiva yake. Dakika chache na bando kidogo. Na kabla ya yote angalia kama hukuminya kwa bahati mbaya kile kitufe chenye picha ya ndege, maana nimeshuhudia mtu mzima akilipia nauli kwenda mjini kwa sababu hiyo. Lakini waifai inayoonekana, inayoshika ukiwa karibu na kufa ukisogea mbali? Hiyo kwa kawaida si lugha ya draiva.

Aliyenitoa koridoni ni kijana wa jirani anayesomea umeme. Kwanza aliniambia nifungue lile dirisha jeusi la amri na kuandika netsh wlan show interfaces. Yakatoka maandishi kibao, akaniwekea kidole kwenye mstari wa Signal, yaani nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Koridoni, futi mbili kutoka kwenye ruta: asilimia 61. Mezani kwangu: 14, kisha ikakatika. Akaiweka laptopu yake palepale mezani, ikasoma 88. "Shangazi, hii haina masikio," akasema.

Akaizima, akaigeuza, akafungua skrubu za chini na kuchomoa betri. Kadi ya waifai ni kibao kidogo kuliko kadi ya benki iliyokatwa nusu, kimeshikiliwa na skrubu moja. Juu yake kulikuwa na vitundu viwili vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kama punje ya mtama. Kimoja kilikuwa na waya mweusi. Kingine kitupu. Waya mweupe tuliukuta umelala kando, kichwa chake kimebanwa chini ya utepe mweusi wa gundi, kama mtoto aliyesahaulika kitandani wageni wakirundika makoti juu yake.

Mimi siku zote nilidhani waifai inakaa ndani ya ile kadi. Kumbe kadi ni mdomo tu. Antena zenyewe, kwenye laptopu nyingi, ziko juu kabisa pembezoni mwa kioo, kwa sababu huko ziko mbali na makelele ya umeme wa bodi na mbali na mapaja yetu. Nyaya zake hushuka zikipita kwenye bawaba mpaka kwenye kadi. Kwa hiyo ni vigumu kubadilisha bawaba au kioo bila kuzisumbua. Mara nyingi fundi huzichomoa au huzisogeza, na wakati wa kurudishia ndipo moja inasahaulika, au inabanwa na bawaba mpaka inakatika kwa ndani huku nje inaonekana nzima.

Kadi iliyopungukiwa antena haizimiki, na ujanja wote umejificha hapo. Waya uliobaki, na hata kile kitundu kitupu chenyewe, hunasa mawimbi kidogo, yanayotosha kwa ruta iliyo pua na mdomo. Hotspoti ya simu ya fundi ilikuwa juu ya meza ileile, labda shubiri mbili kutoka kwenye laptopu. Kwa umbali huo ilishika vizuri, video ikacheza, mimi nikalipa, na hakuna aliyedanganya.

Kijana akaushika waya kwa kibano, akakilenga kichwa juu ya kitundu, akaminya kwa kucha ya kidole gumba. Tiki. Akaniambia vichwa vile havipendi mchezo, vimetengenezwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 hivi, na ukiminya upande unavilaza moja kwa moja. Tukafunga, tukawasha. Mezani kwangu: asilimia 86. Nikakunja mkeka.

Kuna kisa kingine nilichokumbuka siku hiyo, cha baba mdogo yuko Morogoro. Laptopu yake ilitoka kwa fundi ikiwa na waifai imejaa tele, ila kila tovuti anayofungua inamwambia si salama. Barua pepe imekataa, benki imekataa. Akaambiwa ana virusi, na bila shaka apige Windows. Alipopiga simu nyumbani mume wangu akamuuliza kitu kimoja tu: saa ya hapo chini kulia inasema tarehe ngapi? Ilikuwa inasema mwaka 2016. Fundi alichomoa betri zote alipokuwa akisafisha, saa ikarudi nyuma, na tovuti za siku hizi zina vyeti, yaani vitambulisho vya kuonyesha kuwa ni zenyewe, vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini tuko 2016 inaviona vyeti vyote hivyo kama mtu aliyekuja na kitambulisho cha kesho. Akarekebisha tarehe, mambo yakaisha. Mume wangu hadi leo anajisifu kwa hilo.

Sasa mtu asinielewe vibaya kwamba nawasema mafundi. Wanafanya kazi za ajabu kwenye meza ya futi tatu, wateja wanne wamewasimamia kichwani, kila mmoja anataka yake "saa hii", na tukiambiwa bei tunalia kama tumefiwa. Vipuri vingi wanavitoa kwenye mashine zilizokufa. Lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayofanya kupimia kwa hotspoti ya mezani kuonekane kunatosha, na sisi wateja tumeikubali. Tunakagua kioo kama tunanunua gari: tunakipangusa, tunakiinamisha, tunatafuta doa. Waifai tunaitazama alama tu. Ikiwepo, basi.

Mimi ningependa mteja aondoke na laptopu yake hatua 15 kutoka dukani kabla hajatoa hela, aone inabaki na nini. Avae na spika za masikioni za bluetooth kama anazo, maana mara nyingi bluetooth inatumia kadi ileile na mojawapo ya antena zilezile; zikikatakata ukigeuza shingo, huenda kuna waya una tatizo. Ila apime kwa haki. Ile bendi ya gigahezi 5, moja ya njia za mawimbi ambazo waifai hupitia, haipendi kuta, kwa hiyo kama umeweka ruta chumbani na unataka ishike uani nyuma ya kuta tatu za tofali, hilo ni lako na fundi wenu wa ujenzi.

Nilirudi pale dukani wiki iliyopita kununua chaja, na nilienda na hotuba yangu mdomoni. Nikamweleza habari ya waya mweupe. Hakubisha. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Ule wa pembeni, siyo? Chini ya gundi?" Akatikisa kichwa, akanipunguzia elfu tatu kwenye chaja. Mbele yake kulikuwa na laptopu ya mwanafunzi mmoja, ndiyo kwanza ameifunga skrubu ya mwisho. Akaiwasha, akaiunganisha na simu yake, akaiacha simu mezani. Kisha akaibeba laptopu ikiwa wazi, kama sinia la chai, akavuka barabara hadi kwa muuza chipsi, akasimama pale akiitazama, bodaboda zikimpigia honi.

"Vijiti vitatu!" akapaza sauti kutoka ng'ambo.