Derby ya Kariakoo, Foleni ya Temeke

Hivi jamani, Yanga ya 1935, Simba ya 1936, wote watoto wa Kariakoo, wanashindwa nini kugombana hukohuko kwao? Kila derby ugomvi unaletwa kwetu Temeke. Uwanja wa Mkapa wanaingia watu 60,000, na ubavuni upo Uwanja wa Uhuru, palepale bendera ya uhuru ilipopandishwa 1961. Viwanja viwili vimebanana, na vichochoro ni vilevile tunavyopita na ndoo zetu za maji.

Mpira saa kumi na moja jioni, lakini saa nne asubuhi geti langu halifunguki. Noah imeziba! Kijana mmoja aliyejivika kizibao cha njano ananiambia, "Mzee, hapa buku mbili." Buku mbili, naingia kwangu! Namwita mama watoto aje tufoke wote, kumbe ndiye aliyempa kazi. Mihogo na kachumbari zishapangwa barazani.

Waliochora viwanja hivi walihesabu viti, sawa. Ila mtu hakai kitini siku nzima. Anatokea wapi, anapita wapi, anajisaidia wapi? Hilo kaulize ukuta wangu. Nimeandika kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Wanasoma kwa sauti, huku wanakojoa.

Nikasema liwalo na liwe, nami naingia. Nikakata tiketi ya mzunguko, vile viti vya bei rahisi. Lo! Kati yangu na mpira wamelaza njia za riadha, na siku ile aliyezikimbilia ni muokota mipira tu. Goli likaingia upande wa pili. Namuuliza jirani nani kafunga, naye kabana redio sikioni, ananiambia, "Subiri, mtangazaji anasema."

Shemeji yangu ananifariji kwa simu yake. Eti Uingereza kuna uwanja wa Kenilworth Road, wa timu ya Luton Town, mashabiki wageni wanaingilia chini ya vyumba vya watu, wakipanda ngazi wanachungulia nyua za wenyeji, nguo kwenye kamba na kila kitu. Uwanja wenyewe watu kama 12,000 tu. Nikamwambia shemeji, wale angalau namba ya mchezaji wanaisoma.

Sasa Jumamosi kuna mechi nyingine. Mama watoto kashachukua kishika uchumba cha magari sita. Mimi nimeambiwa kistaarabu tu, baiskeli yangu nikaiegeshe kwa jirani, na kwa jirani ni jero.