Muziki wa swingi: kukusanya si kosa, kosa ni kukusanya ovyo

Wapenzi wengi wa jazi huzidharau albamu za mkusanyiko. Kwao, msikilizaji makini husikiliza albamu kamili. Kwa swingi, jazi ya bendi kubwa za dansi iliyotamba miaka ya 1930 na 1940, hoja hiyo haina mashiko. Bendi za Benny Goodman, Count Basie na Chick Webb zilirekodi santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kwa kawaida wimbo mmoja kila upande, dakika tatu hivi. Karibu kila tunachosikia leo kutoka enzi ile kimekusanywa na mtu.

Swali ni amekusanya kwa uangalifu gani. Chukua "Sing, Sing, Sing" ya Goodman. Julai 1937 aliirekodi studioni, ikajaza pande zote mbili za santuri ya inchi 12. Januari 1938 akaipiga ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na ni usiku huo Jess Stacy alipopiga ile solo yake tulivu ya piano. Mikusanyiko mingi ya bei rahisi huandika jina la wimbo tu, bila kusema ni rekodi ipi. Unanunua ukimtafuta Stacy, humpati. Tena miaka ya 1950 Goodman na mpiga tarumbeta Harry James walirekodi upya nyimbo zao kwa mitambo bora. Baadhi ya marudio hayo ni mazuri kweli, nami huyasikiliza kwa raha, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Kinachoniuma zaidi ni usafishaji wa sauti. Santuri kuukuu zina mikwaruzo, na fundi asiye makini huikata pamoja na sauti zote nyembamba za juu. Kwenye bendi ya Basie mwendo wote umebebwa na matoazi ya Jo Jones, besi ya Walter Page na gitaa la Freddie Green, ambalo unalihisi kuliko kulisikia. Ukisafisha kupita kiasi, matoazi yanafifia, gitaa linazama, na miguu haitaki tena kucheza. Heri mikwaruzo.

Hata hivyo bei rahisi si dalili ya uzembe. Ulaya rekodi hizi zilitoka kwenye hakimiliki baada ya miaka 50, kampuni ndogo zikapata nafasi; miongoni mwao ni Classics ya Ufaransa, iliyopanga kazi za kila bendi kwa mfuatano wa tarehe. Mosaic ya Marekani hufanya kazi ya kupigiwa mfano, ila nakala zake ni chache na bei si ya kila mfuko. Anayeanza na nyimbo 20 za bei ndogo simcheki. Ageuze tu kasha kwanza, atazame kama kuna mwaka na majina ya wapigaji.