Kidole Kikishonwa, Takwimu Hubadilika

Mfanyakazi wa reli Marekani akichanika kidole akiunganisha mabehewa, kidonda kikabandikwa plasta, hiyo ni huduma ya kwanza na serikali haiihesabu. Kidonda hichohicho kikishonwa, hata nyuzi mbili tu, kinaingia kwenye takwimu za taifa. Kwa hiyo msimamizi anayempeleka majeruhi zahanati ana sababu ya kutamani daktari aishie kwenye plasta.

Tangu sheria ya mwaka 1910, kampuni za reli hutakiwa kuripoti ajali na majeruhi kila mwezi. Siku hizi ripoti zinakwenda kwa Mamlaka ya Shirikisho ya Reli (FRA), lakini anayezijaza ni kampuni yenyewe.

Kampuni zina hoja, tena si ya kupuuzwa. Hakuna serikali inayoweza kuweka mkaguzi katika kila yadi. Na mtu akiteguka mguu kwenye kokoto, kampuni isipoambiwa mapema, mwenzake ataanguka palepale kesho. Ndiyo maana zinadai taarifa siku hiyohiyo, na anayechelewa huadhibiwa.

Ila mgongo haufuati ratiba hiyo. Mtu hulala akidhani amechoka tu, akaamka hawezi kuinama. Akisema, amechelewa; akinyamaza, kwenye vitabu hakuumia. Kuna na jambo zito zaidi: kwa sheria ya mwaka 1908, mfanyakazi wa reli hupata fidia akithibitisha uzembe wa mwajiri. Kampuni inayojaza fomu leo inaweza kuwa mshitakiwa kesho, na fomu hiyo ikageuka ushahidi.

Bunge liliimarisha ulinzi wa wanaoripoti mwaka 2007, na mwaka 2008 likakataza kumzuilia au kumcheleweshea majeruhi matibabu. Hata hivyo, ilifika 2013 ndipo kampuni ya reli ya BNSF ikakubaliana na Idara ya Kazi kuacha kuwawekea pointi mbaya wafanyakazi walioumia kazini.

Kwangu mimi, kampuni kujiripoti si kosa kubwa. Kosa ni kumwadhibu aliyeumia. Upo mpango ambao NASA, shirika la anga la Marekani, hupokea taarifa za matukio yaliyonusurika kuwa ajali na kuondoa majina, na hapo watu husema bila woga. Lakini aliyeshonwa kidole hafichiki. Huyo anahitaji mkaguzi ambaye, akiisha kuhesabu majeruhi walioandikwa, atafungua pia faili za nidhamu aone nani alisimamishwa kazi mwezi uleule alioumia.