Kuuliza hesabu ya tipu si utovu wa adabu

Kwenye kampuni zinazopandisha wageni Kilimanjaro hapa Moshi, kuna maneno mawili nimechoka kuyasikia. Wakubwa husema, "Vijana wa siku hizi hawataki kutumwa." Vijana nao hujibu, "Wazee wamepitwa na wakati." Kazi yangu ni ya ofisini, kupanga timu za mlimani, na naona jinsi maneno haya yanavyomnyima mtu safari kabla hajapimwa kwa kazi yake.

Mlimani wanahitajiana kuliko wanavyokiri. Kambi ya Barafu, usiku wa kuanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, mwongoza wageni kijana anambana mgeni kidole kwa kipimo cha oksijeni. Namba iko chini, anataka kumteremsha. Mwongozaji mzee anaugusa ule mkono, wa baridi kabisa. "Mpashe joto kwanza, dogo, halafu pima tena." Yuko sahihi, kidole kilichopoa hudanganya kipimo. Kisha anamtembeza mgeni hatua chache aone kama anayumba, kwa sababu anayeyumba huko juu hapandishwi hata namba ikisoma vizuri. Lakini kuna wageni wanaoficha maumivu ya kichwa, maana wamelipa fedha nyingi na wanataka kufika kileleni kwa vyovyote. Huyo ukimuuliza hali atakwambia yuko salama. Hapo kipimo cha kijana ndicho kinachomuumbua.

Kinachoniuma zaidi ni tipu, yaani bakshishi ya wageni. Timu imeshuka geti la Mweka, wageni wametoa bahasha, mwongozaji mkuu anaita mmoja mmoja na kumkabidhi chake. Mpagazi kijana anasogea: "Shikamoo mzee. Samahani, jumla wametoa shilingi ngapi, na tumegawanaje?" Ameamkia, ameomba radhi, ameuliza kwa upole. Jioni ofisini naambiwa, "Yule dogo ana kiburi, safari ijayo usimpange."

Kiburi kiko wapi? Anaulizia jasho lake. Malezi ya Uchagani yalitufundisha kumheshimu mkubwa, na sioni mahali yalipomkataza mdogo kujua haki yake. Tena wakubwa ndio walioshika mpini, kwa hiyo wao ndio waanze kubadilika. Kijana anayeogopa kuachwa safari ijayo hawezi kuanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa umri wake. Kwa hiyo "huyu mzee mno" na "huyu bado mtoto" zisiwe sababu za kupanga timu, mezani kwangu wala kwa mwingine.

Msimu wa Juni hauko mbali. Waongozaji wakuu, nawaomba: bahasha ifunguliwe mbele ya timu nzima, jumla itajwe kwa sauti, mgawanyo uandikwe kwenye karatasi ambayo hata mpagazi wa mara ya kwanza anaweza kuipiga picha.