Mkongo wa baharini na lawama isiyo yake

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya zilizolazwa chini ya bahari kubeba intaneti kwa mwanga, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na sisi Uganda tusio na bahari tukakaa na intaneti nzito. Wengi walisema tumeuziwa mikongo mibovu. Wenye hoja nzito zaidi waliuliza: kuupima mkongo maabara kabla ya kuulaza baharini kuna faida gani, ikiwa asilimia 70 hadi 80 ya hitilafu za mikongo duniani huletwa na nanga na nyavu za kukokota?

Hilo la nanga ni kweli. Hakuna mkongo wa kushindana na meli ya mizigo. Lakini kipimo hakikuwekwa kwa ajili ya nanga.

Mkongo wa kina kirefu ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Ukiwa mita 5,000 chini, maji huubana kwa nguvu karibu mara 500 ya hewa ya huku juu, na bado kulala kule ndiyo sehemu rahisi ya maisha yake. Taabu iko katika kushushwa na kupandishwa. Kilomita kadhaa huning'inia nyuma ya meli, sehemu ya juu ikibeba uzito wa yote yaliyo chini, huku mawimbi yakiirusha meli. Ndiyo maana mafundi huuvuta mkongo kwa mashine, huupindisha kwenye magurudumu, huubana ndani ya matangi, wakiangalia mwanga unavyopita. Nyuzi za kioo zilizo ndani, zinazopitisha mwanga huo, zikivutwa kupita kiasi hupata ufa usioonekana, nao hukua polepole mpaka uzi ukatike, pengine miaka mingi baadaye. Na mkongo hutegemewa kwa miaka 25.

Sasa fikiria siku ya matengenezo. Meli hutupa ndoano, huuvuta mkongo hadi juu, huuunganisha, huurudisha. Mkongo usiopimwa ungeharibika mikononi mwa waliokuja kuuponya.

Wanaodai fedha ziende kwenye njia mbadala nawaunga mkono, mradi zisichotwe kwenye vipimo. Tena njia mbadala iwe mbadala kweli: kupitia Mombasa na Dar es Salaam hakutusaidii sana ikiwa mikongo yote inakutana mahali pamoja baharini. Anayenunua intaneti ya jumla Kampala aombe ramani ya njia nzima, hasa kwenye maji ya kina kifupi ambako nanga hufika, kabla hajatia saini.