Tyubu ikianza kuchezacheza, shusha fitingi nzima

Msimamo wangu ni huu: tyubu kuukuu ikianza kuchezacheza, usikimbilie stata nyingine, kile kikopo kidogo cha kuiwashia. Shusha fitingi nzima, yaani fremu na vyote vilivyomo, funga ya LED. Hapa Kigoma tuna huruma mno na taa. Leo stata, mwezi ujao tyubu, kisha choki, ile koili inayodhibiti umeme wa tyubu, inaanza kunguruma na kutoa harufu ya kuungua, na bado mtu anaulizia kama kuna choki ya mtumba. Hela inayopotea hapo ni ya mwenye duka wa pale mtaa wa Mwanga, ni sadaka ya msikiti wa Ujiji, ni ada ya mzazi ambaye mwanawe anajisomea darasani usiku.

Tupige hesabu. Tyubu ya futi nne ni wati 36, na choki ya sumaku inakula kama 10 zaidi zinazoishia kuwa joto tu. LED ya urefu huohuo ni wati 18. Duka linalowasha saa tano kila usiku linaokoa yuniti 51 hivi kwa mwaka, kwa taa moja. Kwa LUKU ya bei ya kawaida, ambapo elfu kumi inakupa yuniti kama 28, hiyo ni zaidi ya elfu kumi na nane. Duka la vitambaa lenye taa sita lizidishe lenyewe.

Nyumba ndogo iliyo kwenye ile bei nafuu ya wenye matumizi madogo haitaokoa kiasi hicho. Faida yake iko kwingine. Tyubu haiwaki bila msukumo mkubwa wa volti mwanzoni, kwa hiyo jioni umeme ukishuka, stata inapigapiga, ncha zinakuwa nyekundu, basi. LED iliyotengenezwa vizuri huvumilia volti ndogo na bado ikatoa mwanga uleule. Waliokuwa hapa enzi za majenereta ya dizeli, kabla mkoa haujaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, wanajua kukaa chini ya taa inayogoma kuwaka. Na wavuvi wa dagaa wametutangulia: wengi wameweka karabai kando, usiku ziwani wanavulia LED za betri.

Kuna jambo la usalama ambalo silisikii likisemwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu yenye choki ya sumaku hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini msumeno wa mviringo ukizunguka kwa kasi inayoendana na mpepeso huo, meno yake yanaweza kuonekana yamesimama. Seremala anayefanya kazi chini ya tyubu ya namna hiyo yuko hatarini, nami ningeanza na karakana kabla ya sebule. LED za ovyo nazo hupepesa. Ijaribu palepale dukani: ielekezee kamera ya simu, ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, mrudishie muuzaji.

Kufunga si kazi kubwa, ila si ya kufanyia mzaha. Zima meinswichi, usiamini swichi ya ukutani, kisha pima kwa testa. Kuna nyumba swichi imefungwa kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, badala ya laivu, waya unaouleta, kwa hiyo taa imezimwa lakini fitingi ina umeme. LED itakuumbulia kosa hilo: ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, mwite fundi aangalie swichi. Na mtu akiamua kuweka tyubu ya LED kwenye fremu ya zamani, asome mchoro wake kwanza. Zipo zinazopokea laivu na nyutro upande mmoja, zipo zinazopokea kila waya upande wake, na kuzichanganya ni kutafuta shoti. Ndiyo maana nasema fitingi nzima. Holda za zamani zimeshachoka na plastiki yake inakatika ukiigusa.

Kinachonikera zaidi ni tyubu zinazotupwa jalalani watoto wakazipasua kwa mawe kwa sababu zinalia vizuri. Ndani mna zebaki, kidogo lakini ni sumu, na zebaki ikifika ziwani hujikusanya kwenye samaki tunaokula. Tyubu ikipasuka ndani ya nyumba, fungua madirisha, watoe watu nje robo saa, okota vipande kwa karatasi ngumu, futa kwa kitambaa kibichi. Usipige ufagio.

Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2023 kuacha kutengeneza na kuingiza tyubu hizi ifikapo mwisho wa 2027. Zitashushwa nyingi kwa mpigo. Wauzaji wa vifaa vya umeme Mwanga wanaweza kupokea tyubu kuukuu wanapouza LED, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ikatenga chumba kimoja chenye kufuli cha kuzihifadhi. Hilo naliomba lifanyike mwaka huu.