Karanga Ziliuzwa Dakika ya Sita

Mwalimu wetu wa uhariri alikuwa na sharti moja: filamu ya mwisho wa mwaka haipokei mpaka ionyeshwe kwa watu msiowajua, maoni yao yaandikwe, kisha mumwonyeshe mlichobadilisha. Mama zenu hawahesabiki, alisema, maana mama hata umpigie picha ukuta atalia kwa furaha.

Yetu ilikuwa ya dakika 18. Mjane wa mvuvi anagoma kuhama nyumba ya marehemu mumewe. Mwongozaji, kijana anayevaa skafu Dar es Salaam mwezi wa pili, aliamini kwamba kilele cha sinema ni ukimya. Basi mjane wake haongei. Anatazama mlango. Anautazama sana.

Tukapata kibanda umiza, banda la kuonyeshea video na mechi, kule Tandale. Mwenye nacho alikubali bila malipo, mradi tumalize kabla ya mechi ya Arsenal. Mabenchi yakajaa mapema, nasi tukapeana mikono kwamba kumbe wananchi wana kiu ya sanaa. Walikuwa wanawahi viti.

Tunachomeka flashi, akaingia jamaa na maikrofoni, akakaa pembeni ya skrini na kukohoa kidogo kama anayejaribu spika.

"Mzee, huyu nani?" mwongozaji akauliza.

"Mtafsiri."

"Lakini filamu ni ya Kiswahili."

"Najua."

"Sasa atatafsiri nini?"

Mzee akamwangalia kama konda anavyoangalia noti iliyochanika katikati. "Dogo, bila mtafsiri wateja wangu wanadai hela yao."

"Si wameingia bure?"

"Hao ndio wanaodai kuliko wote."

Jijini mtu hashangai sana. Lufufu, mtafsiri wa filamu aliyevuma, aliwazoesha watu kutazama filamu za Kichina na Kihindi huku wakisikiliza mtu mmoja akisimulia yote, mpaka mapanga yanavyogongana. Huyu wetu alikuwa mwanafunzi mtiifu wa shule hiyo. Mjane alipotazama mlango, akaanza kazi:

"Hapa mama anawaza marejesho ya kausha damu. Kesho wanakuja kubeba kochi."

Kibanda kizima kikaguna kwa uchungu, maana mikopo hiyo ya riba kali wanaijua. Mwongozaji akaninong'oneza kwa hasira, "Kochi lipi? Kuna mkeka tu pale!" Mtafsiri naye akawa ameliona hilo. "Kochi wameshabeba," akasema.

Ikaja sini ya maiti. Marehemu aliigizwa na mrekodi sauti wetu, na siku ile alikuwa na mafua. Sisi tulikuwa tumeitazama sini hiyo kwenye kompyuta hadi macho yakauma, hatukuona kitu. Katoto kamoja mstari wa mbele kakapiga kelele: "Maiti inapumua!" Watu wakaanguka kwa kicheko, na mtafsiri akatuliza hali: "Hajafa huyu, anakwepa deni."

Lakini kilichonishtua ni bibi mmoja aliyesimama karibu na mwisho. "Kamuua yeye! Sumu iko kwenye mchicha!" Wenzake wakamuunga mkono, na kesi ikaisha hapo hapo kwa hukumu.

Sumu? Nikarudia kichwani nilivyounganisha picha: sufuria jikoni, uso wa mjane, maiti. Mwongozaji filamu wa Kirusi, Lev Kuleshov, alishafanya mchezo huo karibu miaka mia iliyopita. Alichukua uso ule ule wa mwigizaji mmoja, akauweka karibu na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke, na watazamaji wakasifu jinsi mtu huyo anavyoonyesha njaa, majonzi na tamaa. Darasani nilipata alama nzuri kwenye swali hilo. Tandale nikapata kesi ya mauaji.

Fomu zetu zilikuwa na maswali kama "Je, mdundo wa uhariri umechangiaje mkondo wa hisia?" Majibu: "Ndiyo." "Arsenal 3-1." "Naomba namba ya mjane." "Ongezeni ngumi." Mmoja alijaza karatasi yote kuhusu baba mwenye nyumba wake. Kalamu haikurudi hata moja.

Mwongozaji alitaka kuzichoma fomu. Mimi nilikuwa na daftari. Kwa kuwa nilikosa kiti, nilisimama nyuma karibu na kijana wa karanga, na kila mlango ulipotokea nikaona mikono inapanda kuomba karanga. Nikawa naandika dakika. Dakika ya sita aliuza mpaka chenji ikamwishia. Kwenye kausha damu hakuuza hata kifuko kimoja. Mtu anayekuambia uongeze ngumi hana shida na ngumi, amechoka na mlango, ila fomu haikumuuliza hivyo.

Tukarudi mezani. Mlango ukashuka kutoka dakika nne hadi sekunde arobaini, na mwongozaji akafunga skafu usoni ili asione. Sufuria niliihamishia baada ya mazishi, mchicha ule ule ukawa wa mtu asiye na wa kumpakulia. Marehemu tulijaribu kumgandisha kwa kompyuta, akaganda na inzi aliyekuwa hewani juu yake, ikabidi tukate picha zibaki nyayo tu. Na tukarekodi sini moja mpya: dada wa kausha damu anakuja na daftari lake, anabisha hodi. Hatimaye mlango ukafunguliwa.

Tulipoirudisha kibandani, watu walitulia. Mjane alipomwambia dada yule "Kochi lilishaenda," bibi wa sumu alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na mtafsiri akalalamika kwamba tumemmalizia maneno yote.

Nje akanifuata kijana wa karanga, beseni lake limejaa.

"Bro, mbona mmeiharibu?"

"Tumeiharibu vipi?"

"Ile ya kwanza ilikuwa filamu. Leo nimeuza vifuko viwili, na kimoja nimekula mwenyewe."

Mwongozaji akarukia pale pale, akamkabidhi fomu ayaandike hayo kwa ajili ya mwalimu. Kijana akauliza kalamu iko wapi. Tukamwambia hata sisi tunaitafuta.